Kadi Yenye Stika ya Dhahabu

4 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kusimama. Nimepata neno na nimeona wewe ulijue kwanza. Sikupiga simu maana ile ya dukani kwa Mjomba ikilia wateja wote wanasikiliza, na wewe unaishika mbali na sikio kama imekukosea adabu.

Tangu nije huku kazi yangu hapa studio ni moja: kushika mwavuli wa taa. Wenzangu wanapiga picha, mimi nimeshika mwavuli. Maharusi wanacheka, mimi nimeshika mwavuli. Juzi Bosi akaniita. Kuna klabu ya riadha, na mkimbiaji wao mkongwe, mama mwenye watoto wakubwa, anakimbia mbio zake za mwisho halafu anatundika viatu. Wanataka picha moja tu: pale kifua chake kinapokata utepe. Wapiga picha wote siku hiyo wana harusi. Bosi akasema, "Nenda wewe. Ukiniletea utepe, mwavuli atashika mwingine. Ukiukosa, hata huo mwavuli usirudi kuushika." Ndivyo alivyo, hajui kuzungusha maneno.

Kamera nimeazimwa. Kadi ndiyo sina, na za studio zote zinakwenda harusini. Kadi ni kile kidude cha ukubwa wa stempu kinachotunza picha. Kwa mbio siwezi kutumia kadi yoyote tu, nataka yenye kasi. Nikueleze kwa mambo ya jikoni: ukimimina unga kwenye chupa kwa faneli yenye shingo nyembamba, unga unajaa juu, unakwama, lazima usubiri ushuke. Kamera ndiyo wewe unayemimina, kadi ndiyo ile shingo. Nikibonyeza, kamera inapiga picha nyingi kwa pumzi moja. Kadi ikiwa nzito kumeza, kamera inasimama kuisubiri. Na mkimbiaji hasubiri mtu.

Mwambie Mjomba anichagulie moja. Ile namba kubwa ya usoni isimdanganye, hiyo ni kasi ya kuzitoa picha, mimi nataka kasi ya kuziingiza. Pembeni huwa kuna herufi V ndogo na namba yake, iwe sitini au zaidi. Yeye anazijua. Mwambie anichagulie kama anajichagulia mwenyewe.

Niombee, Bibi.

Mjukuu wako

*

11 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Miguu inawaka kwa sababu unanunua viatu vya kutazamwa badala ya viatu vya kuvaliwa. Nilikwambia ukaniona mshamba.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, asubuhi nzima nimekaa nayo. Usicheke mwandiko wangu. Shule mimi niliiona kwa nje tu, herufi ulinifundisha wewe kwenye meza ya pasi ukiwa darasa la kwanza, ukapanda madarasa ukaniacha hapo hapo. Ndiyo maana herufi zangu mpaka leo ni kubwa kama maboga. Zinasomeka, au hazisomeki? Basi.

Habari yako imeniingia mwilini. Mwavuli! Mtoto niliyemlea kwa mgongo huu anashika mwavuli mtu mwingine akipendeza! Nenda ukaukate huo utepe, mwambie huyo Bosi mwenye mdomo kama shoka kwamba nyumbani kwenu kuna bibi mwenye mdomo kumshinda.

Sasa kadi. Nilimwambia mjomba wako. Hakunijibu vizuri, alikuwa anahesabu mzigo. Baadaye akaingia chumbani kwake, akatoka na kadi moja nyeusi, uchi kabisa, haina pakiti, haina pambo, imefungwa kwenye kipande cha karatasi kama dawa ya kuhara. Akaniambia, "Mama, mpelekee hii. Hii ndiyo yake." Nikamwuliza, hii mbona imechakaa? Akasema, "Nilikuwa naitumia mimi. Mpelekee, usiulize." Na mimi mtu akiniambia usiulize ndio maswali yanaota.

Mke mwenzangu, mimi na hizo kadi tunajuana. Zinakuja kwenye mfuko kama kunde, mimi ndiye ninayezitia pakiti mojamoja huku chumba cha nyuma, natandika kitambaa juu ya plastiki, napitisha pasi ya vuguvugu mpaka mdomo unagandana. Vumbi lisiingie, mjomba wako ndivyo alivyosema. Halafu zile bora nazibandika stika ya dhahabu. Hizo ndizo za kasi. Najua kwa sababu ndizo anazoziweka kwenye kioo cha mbele, na ndizo watu wanazozililia. Sasa dukani mwake kuna sanduku zima la dhahabu, halafu mtoto wa marehemu dada yake anampa masalia yaliyovuliwa! Damu ilinichemka. Ile nyeusi nimeitupia kwenye kopo langu la vifungo. Nimekutilia humu yenye dhahabu, niliyoifunga kwa mkono wangu mwenyewe, tena pasi nikaipitisha mara ya pili kwa ajili yako. Na hiyo V yako nimeiona pembeni, ingawa namba zake ni ndogo kama mayai ya chawa.

Mjomba wako hajui, na wewe usimwambie. Muda wote atadhani ni ile yake.

Barua na kadi anavileta dereva wa lori la magodoro, yule anayemletea shoga yangu sponji. Mpe maji anywe, ni mtu mzuri ila anaongea sana.

Bibi yako

*

27 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Mambo yalikwenda vizuri. Kadi ilifika salama na ilifanya kazi. Ahsante sana kwa pasi ya mara ya pili.

Picha siwezi kukutumia kwa sasa, ni mali ya klabu na wana masharti yao. Sina zaidi. Usichoke sana na hizo pakiti, Bibi. Pumzisha mgongo. Kama unaweza kuacha kabisa ile kazi, iache.

Mjukuu wako

*

27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii nimemwambia dereva aitie mkononi mwako, wala Bibi asiione.

Nimepoteza kazi. Mkimbiaji alikuja kwenye utepe, amefumba macho, mdomo wazi, mikono ameinyanyua kama anapokea mtoto. Nikabonyeza. Kamera ikapiga picha sita halafu ikakataa. Taa nyekundu inawaka, haizimiki. Nabonyeza, haibonyezeki. Nimesimama mbele ya watu, mimi mwenye kitambulisho cha mpiga picha shingoni, namtazama yule mama akipita na utepe kifuani kama mtazamaji aliyelipa kiingilio. Taa ilipozimika alikuwa ameshavishwa taulo. Picha nilizonazo ni za mgongo wa mwamuzi.

Nikamwambia Bosi nina za mapema angalau, za kupasha moto viungo. Tukazifungua. Za kwanza zipo. Zinazofuata ni vibao vya kijivu tu. Bosi akaipasua ile kadi kwa kisu, akanionyesha ndani. Akasema, "Hii ni takataka iliyobandikwa dhahabu. Nani alikuuzia?" Nikasema nimeokota sokoni. Ningesema nini? Kwamba ni ya mjomba wangu, na pakiti ameifunga bibi yangu?

Kitambulisho alikivua mwenyewe shingoni kwangu.

Niambie kitu kimoja, Mjomba. Ulijua?

Mpwa wako

*

5 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Naapa mbele ya kaburi la dada yangu, mimi nilikutolea kadi yangu mwenyewe, nyeusi, ya kweli, niliyoinunua zamani nilipokuwa na uwezo. Uliyoieleza siyo niliyoitoa. Mama ameibadilisha.

Unauliza kama nilijua. Nilijua ndiyo maana sikukupa zile. Si unaona? Wewe nilikutenga nazo. Kuhusu hizo nyingine, mjini hapa hakuna duka linaloishi kwa kuuza za kweli. Mteja anataka kubwa, anataka haraka, na anataka rahisi. Ndicho anachopewa. Wengi wanapiga picha za paka wakaridhika. Nauli yako ya kwenda huko, na ada zako zote, zilitoka kwenye mfuko huo huo wa kunde.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mama asijue. Unaijua presha yake. Akisikia kwamba aliyekupokonya kazi ni mkono wake, unadhani atabaki? Mwambie ilikwenda vizuri. Mimi nitakufanyia mpango, duka likichangamka nitakununulia kadi mpya, ya kweli, wewe mwenyewe uichague.

Ukimpenda bibi yako utanyamaza.

Mjomba wako

*

20 Machi

Mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea. Barua yako ilikuwa fupi kama suruali ya mtoto. Mtu amepanda cheo anaandika mistari minne! Au sasa una mtu wa kukushikia mwavuli na kalamu pia?

Nakutania. Mimi na shoga yangu mshona magodoro tuliisoma, tukacheka mpaka sponji likaturukia puani. Nikamwambia, unaona? Kadi yangu ile.

Sasa mimi ndiye mpiga debe wa duka. Nimetoka chumba cha nyuma, nakaa kwenye kigoda kando ya kioo. Mteja akiingia akianza kuuliza, hii ina kasi gani, ile ina nafasi gani, mjomba wako anaanza maneno yake ya kizungu, mimi nakata. Nasema, "Mwanangu, chukua yenye dhahabu. Mjukuu wangu ni mpiga picha wa mbio, kaukamata utepe kwa kadi hii hii, niliipiga pasi mwenyewe." Wanacheka, wananunua. Juzi kijana mmoja akaniambia, "Bibi, wewe unajua kamera?" Nikamwambia, "Mimi namjua mjukuu wangu, inatosha." Dukani walipiga makofi. Mjomba wako tu ndiye aliyeinama akawa anafunga kamba ya kiatu. Na alikuwa kavaa ndala.

Shoga yangu naye nimempa moja. Mumewe unamkumbuka, yule mzee aliyekuwa akikuchongea farasi wa mti. Amekwisha, mke mwenzangu. Mwili umebaki kama koti lililotundikwa. Watoto wao wote wanakuja mwisho wa mwezi kukaa naye, mkwe wao ana kamera, wanataka kumpiga picha na kila mtoto na kila mjukuu kabla hajaondoka. Hawajawahi kumpiga picha hata moja ya maana, alikuwa anakataa, anasema uso wake si wa ukutani. Safari hii amekubali. Shoga akaniuliza, "Kadi ipi, mwenzangu?" Nikamchagulia kwa mkono wangu kama nilivyokuchagulia wewe. Mjomba wako akataka kumwuzia ya bei ya chini isiyo na dhahabu, nikamkata jicho.

Nakuomba ile picha ya utepe. Hao wa klabu waambie ni bibi yako anataka kuitundika juu ya meza ya pasi, haitatoka nje. Na mbona mwandiko wako umejikunja? Unakula?

Bibi yako

*

28 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Tafadhali usiwachagulie watu kadi. Niko chini ya miguu yako. Kama umeshamchagulia mtu, hasa shoga yako, mwambie aijaribu kwanza. Wapige picha nyingi mfululizo za kitu chochote, ukuta, mlango, waijaze yote mpaka ikatae, halafu wazitazame mojamoja mpaka ya mwisho. Wakimaliza ndio wampige mzee.

Usiniulize kwa nini. Kila kadi hujaribiwa, ndiyo kazi yetu ilivyo.

Nakula.

Mjukuu wako

*

11 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenzangu, sina utani.

Barua yako ilinifikia siku ya tatu baada ya mazishi. Lori liliharibika njiani. Mzee alifariki watoto wake wakiwa hawajaondoka, na walimshukuru Mungu kwa hilo, wakasema angalau picha tunazo. Walimvika koti lake la kijivu, wakamkalisha mlangoni penye mwanga, na alipopigwa picha na kitukuu mapajani alicheka. Nilikuwepo. Nilimwona akicheka. Alikuwa na jino moja mbele, na siku hiyo hakulificha.

Jana shoga yangu alikuja. Hakugonga. Ameingia na vumbi la sponji kwenye nywele, akaiweka kadi juu ya meza yangu ya pasi.

Akasema, "Nionyeshe mume wangu."

Nikamwambia, shoga, kaa kwanza.

"Sikai. Ulisema ina kasi. Ulisema mjukuu wako. Nionyeshe mume wangu yuko wapi humu."

Nikamwita mjomba wako. Akaitia kwenye kompyuta yake pale dukani, na mimi nikasimama nyuma yake. Picha zipo, mjukuu wangu. Kuna kuku. Kuna ndala za watu mlangoni. Kuna sufuria, kuna kidole cha mtoto kimeziba kioo, kuna kuku yule yule tena. Watoto walikuwa wanachezea kamera asubuhi. Halafu ilipofika zamu ya mzee pale mlangoni, kijivu. Mstari baada ya mstari, kijivu kama koti lake, lakini yeye hayumo. Shoga yangu alishika pembe ya kioo akasema taratibu, "Kuku mnaye. Kuku mmemtunza."

Hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana. Ameondoka, na nimemwona leo amepitia upande wa pili wa barabara ili asipite mlangoni kwangu.

Nilimwuliza mjomba wako, hii ni nini? Akasema bahati mbaya, kamera yao mbovu. Akasema hivyo huku anaizima kompyuta.

Na dereva wa lori, nilikwambia anaongea sana, leo ameniletea lingine. Anasema barua yako ya mwisho hukumpa studio. Anasema studio walimwambia huna kazi pale tangu Februari, na kwamba alikukuta kwenye kibanda cha fotokopi unatoa nakala za vyeti vya watu.

Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa mistari mingi. Kadi niliyokutumia ilifanya kazi? Sema ndiyo au sema hapana.

Bibi yako

*

15 Aprili

Bibi,

Hapana.

Kamera ilikwama kwenye utepe wenyewe, na za mapema zikawa kijivu, kama za mzee. Ilikuwa kadi ya bandia. Zote za mfuko ule ni bandia, Mjomba aliniandikia akakiri, akaapa kwa kaburi la mama kwamba ile nyeusi aliyoitoa yeye ndiyo ya kweli. Alisema nikikwambia utakufa.

Kuna jambo moja sikumwambia yeye wala Bosi. Mimi kila kadi naijaribu. Ndicho kitu cha kwanza nilichofundishwa pale studio, hata nikiwa na mwavuli. Yako tu ndiyo sikuijaribu. Nilisema imetoka kwa Bibi, nimjaribu Bibi? Nikaipasua pakiti uwanjani, ikiwa bado ina harufu ya pasi yako.

Nilidhani nakuficha maumivu. Sikujua utakaa kwenye kigoda na kumwambia kila mtu. Nisamehe. Mwambie na shoga yako anisamehe, ingawa najua hawezi.

Mjukuu wako

*

26 Aprili

Mjukuu wangu,

Shikamoo hukunipa, na mimi sikukasirika. Nimekaa na lile neno lako moja siku nyingi, linatosha barua nzima.

Kwanza nikutoe wasiwasi: sijafa. Mwambie na mjomba wako akikuandikia tena. Mimi nimezika mume, nimemzika mama yako, nimekulea wewe na tetekuwanga mwili mzima, halafu niuawe na kadi ya ukubwa wa stempu? Mlinifanya yai. Wote wawili. Mmoja alinificha ili auze, mmoja alinificha kwa kunipenda, na mimi katikati nimekaa kwenye kigoda nacheka na wateja. Nikipima, mjomba wako sikumtarajia makubwa, nimemzaa namjua, tangu mdogo akiiba sukari anampaka mwenzake mdomoni. Wewe ndiye uliyenikata. Ungeniandikia hapana mwezi wa pili, ningelia siku mbili, nikakutukana siku ya tatu, na ule uso wa mzee ungekuwepo ukutani leo. Hilo nakwambia mara moja tu, kisha sitalirudia. Lakini nalisema, maana nikilimeza litaniozea.

Na mimi sijikwepeshi. Nilimwona mwanangu anatoa kitu chenye ukweli nikakidharau kwa sababu hakikuwa na pambo. Hilo ni langu, nalibeba.

Sasa niliyoyafanya. Niliingia dukani wateja wakiwa wamejaa, nikabeba lile sanduku la dhahabu, nikalimwaga juu ya kaunta. Nikamwambia, "Mwanangu, nionyeshe humu iliyo ya kweli. Moja tu."

Akasema, "Mama, si hapa. Twende ndani."

Nikamwambia, "Ndani ndiko nilikozifungia, na huko nimetoka. Nionyeshe hapa."

Akaanza kucheka na wateja, unajua kicheko chake cha dukani. Akawaambia, "Wazee wetu hawa, msameheni, umri." Mjukuu wangu, umri! Mkononi mwangu mna alama ya pasi yake, bado haijapona, ananiita umri.

Nikamwuliza mbele yao, "Na ya mpwa wako uliitoa wapi? Mbona yake hukuitoa humu?" Hapo hakucheka. Mteja mmoja aliirudisha kadi aliyokuwa ameishika, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani, akatoka. Wengine wakabaki, wakanunua hivyo hivyo. Bei ilikuwa nzuri.

Usidhani duka limefungwa. Limechangamka. Amemwajiri mwanamke mwingine huko nyuma, na amemnunulia mashine ya kufungia, haina haja ya pasi. Nasikia ikilia tii, tii, kutwa. Mkewe bado ananipa chakula, anakiweka mlangoni na kuondoka. Mwanangu hasemi nami. Alinikataza kukaa dukani. Sawa. Nimehamisha kigoda changu ng'ambo ya barabara, barabara hakuinunua. Mteja akitoka na kifurushi namwita, "Mwanangu, ijaribu kwanza. Ijaze ukuta mtupu, uitazame mpaka ya mwisho, ndio umpige mtu unayempenda." Wengine wanadhani nimechanganyikiwa. Wengine wanasimama.

Shoga yangu anapita asubuhi na sindano zake zimechomekwa kifuani. Hanisemeshi. Jana alisimama hatua chache hapo, akanisikiliza nikimwambia mteja yale maneno mpaka mwisho. Halafu akasema, si kwangu, kwa hewa tu, "Sasa hivi ndio anayajua." Akaenda zake. Ana haki. Nilitaka kumwambia nalikumbuka lile jino, nikaona nitakuwa namwuzia tena kitu nisichoweza kukitoa.

Kwenye kopo langu la vifungo nimeitoa ile nyeusi. Ilikuwa katikati ya vifungo vya koti la babu yako, nimeifuta kwa upindo wa kanga, nimeifunga tena kwenye karatasi ile ile. Haina pakiti na mimi sikuipitisha pasi. Mtafute mtu mwenye kamera, azima, omba, lia ukibidi. Kibanda cha fotokopi si mahali pako, hapo unatoa nakala ya maisha ya watu. Na huyo mkimbiaji kama bado anaishi huko, nenda ukamwombe msamaha kwa mdomo wako, usimwandikie.

Mjomba wako aliapa kwa kaburi la mama yako kwamba hii ni ya kweli. Huenda safari hii alisema kweli. Lakini nakuomba, na hili ndilo la mwisho: ukiifungua, usinuse, usikumbuke mkono uliokutumia. Kaa mbele ya ukuta. Ijaze mpaka ikatae. Itazame picha moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho.

Nijaribu, mke mwenzangu. Halafu uniandikie ndiyo au hapana.

Bibi yako